Vumbi Jeusi la Magurudumu: Kutoka Kampala Hadi Kisoro

Barabara itokayo Kampala kuelekea kusini-magharibi mwa Uganda ni miongoni mwa barabara zinazomfundisha dereva kazi yake bila kumwonea haya. Huanza katika vilima na vinamasi vya kandokando ya Ziwa Victoria, hupita nyika za ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, hupanda milima ya Kigezi, na mwishowe hutelemka ghafla penye volkano za Bufumbira, mahali ambapo Uganda, Rwanda na Kongo hukutana. Jumla ni mwendo wa kilomita zinazokaribia 500. Askari wengi wamehamia vituo vyao vipya kwa njia hii, wake na watoto wakiwa juu ya lori pamoja na magodoro, masufuria na kuku wawili watatu waliofungwa miguu.

Msafiri wa kawaida hutazama nje dirishani. Katika makala haya twamwomba msomaji ainame kidogo atazame chini, kwenye magurudumu. Huko kuna habari nyingine ya safari, nayo imeandikwa kwa vumbi la rangi mbili: jekundu la ardhi na jeusi la breki. Hilo la kwanza kila mtu alijua. La pili wengi huliona kuwa ni uchafu tu, wakawaamuru watoto walisugue kwa mchanga siku ya Jumamosi, na kumbe lina mengi ya kumwambia mwenye gari kabla hajafika mlimani.

Kampala yenyewe ni mji wa breki. Umejengwa juu ya vilima, na msongamano wa magari hauchagui saa. Teksi za abiria husimama penye abiria na pasipo abiria, pikipiki za bodaboda hukatiza mbele ya kila bampa, na dereva atokaye katikati ya mji hadi Busega huweza kukanyaga breki mara mia kabla hajaona barabara iliyo wazi. Gari lililooshwa Ijumaa jioni, ifikapo Jumatatu usiku rimu zake za mbele zina utando mweusi kama masizi ya chini ya sufuria. Mwenyewe hulalamika kwamba waosha magari wamemlaghai. La hasha, hawakumlaghai.

Vumbi hilo halitoki barabarani, bali latoka ndani ya gurudumu lenyewe. Katika gari lenye breki za diski, sahani ya chuma cha kalibu huzunguka pamoja na gurudumu, na pande zake mbili hukaa pedi za breki zilizoshikwa na kalipa, ambayo ni mfano wa koleo kubwa la chuma. Dereva akanyagapo breki, mafuta ya breki husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, na pedi huibana sahani. Mwendo wa gari hugeuka kuwa joto. Katika mbano huo pedi huliwa kidogo, na diski nayo huliwa kidogo. Pedi ni mchanganyiko wa vitu vingi: unga na nyuzi za chuma, madini ya risasi ya penseli yaitwayo grafiti, pengine shaba, na gundi ngumu ya kuvishikamanisha vyote. Ndiyo sababu vumbi lake ni jeusi, ni laini mno, na lina chuma kingi. Hutoka likiwa la moto, likarukia rimu na kuganda juu ya rangi yake. Likipata umande au mvua, zile chembe za chuma hushika kutu palepale zilipoganda, na hapo ndipo zinapoanza kuila vanishi ya rimu na kuacha madoadoa ya rangi ya kahawia yasiyotoka tena kwa sabuni.

Magurudumu ya mbele huwa machafu kuliko ya nyuma, na jambo hili halina siri. Gari lipungukiwapo mwendo, uzito wake huinamia mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zifanyazo sehemu kubwa ya kazi. Aidha magari mengi yana diski mbele na ngoma nyuma. Ngoma ni kama sufuria iliyofunikwa: viatu vya breki husugua kwa ndani, na vumbi lake hubaki humo humo hadi siku fundi atakapoifungua. Usidhani basi kwamba gurudumu la nyuma lisilo na weusi halitoi vumbi. Limelificha tu, na habari za maficho hayo tutazifikia huko Kabale.

Baada ya Mpigi barabara hunyooka. Kayabwe, penye mstari wa Ikweta, watalii hushuka kupiga picha na kuoneshwa maji yakizunguka mkono wa kulia upande mmoja wa mstari na mkono wa kushoto upande wa pili. Mchezo huo ni wa ustadi wa mkono wa mmwaga maji kuliko wa dunia, lakini haudhuru mtu. Mbele kidogo ni Lukaya, ambapo wachuuzi wenye aproni hulizunguka kila gari wakiwa na nyama ya kuchoma, kuku na ndizi za gonja zilizo moto. Hapo pia ndipo kiungani mwa Mto Katonga. Mwezi Mei mwaka 2023 mto huo ulifurika, daraja likaharibika, na barabara kuu ikafungwa. Magari yaliyokuwa yakielekea Masaka yalilazimika kuzunguka kwa njia za bara kupitia Mpigi, Kanoni na Sembabule.

Vumbi jekundu na vumbi jeusi yakichanganyika, macho peke yake huweza kudanganywa. Kuna jaribio dogo ambalo hata mtoto wa shule aweza kulifanya. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ivingirishe kwa karatasi nyembamba, kisha ipitishe juu ya vumbi ulilolikwangua kwenye rimu. La breki huruka na kung'ang'ania karatasi mara moja; la udongo kwa sehemu kubwa hubaki chini. Vua karatasi, nawe utakuwa umeishika mkononi sehemu ya diski yako na pedi zako. Watoto hulifurahia jaribio hili, na wazazi hupata nafasi ya kueleza kwa nini breki hununuliwa upya.

Kutoka Masaka kupita Lyantonde hadi Mbarara ni safari ya kilomita karibu 140 zenye miteremko michache. Penye eneo la Hifadhi ya Ziwa Mburo punda milia huonekana wakichunga pamoja na ng'ombe, na dereva hukaa muda mrefu bila kugusa breki. Ndiyo maana kipande hiki ndicho kipimo kizuri cha afya ya magurudumu. Gari lililofutwa rimu Masaka yafaa lifike Mbarara likiwa na weusi haba, tena uliolingana kulia na kushoto. Gurudumu moja likifika limejaa weusi upya ilhali mwenzake ni safi, basi pedi za gurudumu hilo zinasugua wakati wote, hata dereva asipokanyaga. Huenda pistoni imekwama kwa kutu, au vyuma ambavyo kalipa huteleza juu yake vimekauka grisi. Gurudumu la namna hiyo pia hupata moto. Usiliguse kwa kiganja. Sogeza upande wa nyuma wa mkono karibu nalo bila kuligusa, kisha fanya vivyo hivyo kwa mwenzake. Tofauti utaihisi.

Kinyume chake ni kibaya zaidi, nacho ndicho huwapumbaza watu. Gurudumu moja la mbele likiwa jeusi kama kawaida na la pili likibaki linang'aa, mwenye gari hufurahi kuwa upande mmoja ni nadhifu. Unadhifu huo si wa kufurahia. Maana yake yaweza kuwa kwamba breki ya upande ule haibani kabisa, na kazi yote imeachiwa upande mmoja. Katika tambarare gari litavuta kidogo upande siku ya kusimama kwa ghafla, dereva akadhani ni upepo wa tairi. Mlimani kwenye kona, litakwenda lisikotakiwa kwenda.

Nje ya Mbarara, penye kituo cha kujazia mafuta, tulimkuta dereva mmoja mtu mzima akizunguka lori lake la magunia na tochi mkononi, ingawa ilikuwa saa nne za asubuhi. Konstebo kijana aliyekuwa akiomba msaada wa kufika Ntungamo alisimama akimtazama.

"Mzee, mbona tochi mchana?" akauliza.

"Afande, jua halifiki huku ndani," mzee akajibu. "Njoo uone. Hapa kwenye nati, unaona mistari?"

Kwenye gurudumu la nyuma, kutoka katika nati mbili, mistari myembamba ya rangi ya kutu ilikuwa imechirizika kuelekea ukingo wa rimu, mfano wa miali ya jua ambayo watoto huichora.

"Ni kutu tu, Mzee."

"Kutu ya rimu haichoraki hivi. Nati ikilegea, chuma husuguana na chuma, unga hutoka, mvua ikanyesha, ukapata mstari. Na mtu akiliosha gurudumu bila kulitazama, huwa ameifuta barua kabla ya kuisoma."

Akatwaa spana ya magurudumu na kipande cha bomba, akazikaza nati zote kwa kuvuka, moja ya juu na moja ya chini, wala si kwa kuzifuata kwa mzunguko. Zile mbili ziligeuka karibu robo ya duara. Konstebo hakuongeza neno. Alitoa kijitabu chake, akaandika.

Msomaji aliye askari wa usalama barabarani na azingatie mambo hayo mawili, mistari ya kutu kwenye nati na rimu mbili zisizofanana, kwa kuwa huonekana lori likiwa limesimama na hayahitaji chombo chochote. La tatu ni unyevu. Ukiona ndani ya tairi, upande unaoelekea chini ya gari, kuna mchirizi ulioloa na vumbi limegeuka tope jeusi, shuku kwamba mafuta ya breki yanavuja. Na katika lori linalotumia breki za upepo, ambazo hazina mafuta, mchirizi kama huo yaelekea ni mafuta ya ekseli yaliyopenya sili. Hayo nayo yakifika kwenye viatu vya breki, huviponza.

Ntungamo hadi Kabale ni kupanda. Migomba hupungua, baridi huongezeka, na vilima vya Kigezi hujitokeza vikiwa vimekatwa ngazi kwa ngazi na majembe ya wakulima hadi vileleni. Kabale uko juu kiasi cha mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na wageni kutoka Kampala hujuta kuacha sweta nyumbani. Kikombe cha obushera, kinywaji cha mtama, hutuliza tumbo la msafiri. Hapa ndipo yafaa kulala na kuosha magurudumu alfajiri, yakiwa baridi kabisa, kabla ya kipande kigumu cha safari.

Kazi yenyewe si kubwa, ila ina utaratibu wake. Kwanza mwagia gurudumu maji mengi ili changarawe iondoke bila kusuguliwa. Kisha tia sabuni ya maji isiyo kali katika ndoo iliyo mbali na ile ya kuoshea mwili wa gari, na kitambaa kiwe kingine pia. Chembe za chuma zikihamia kwenye kitambaa cha bodi, utaichora rangi ya gari lote mikwaruzo kama ya makucha ya paka. Brashi laini hufaa kwa uso wa rimu, na mswaki mzee wa meno hufaa kuzunguka nati na katika pembe. Osha gurudumu moja hadi mwisho ndipo uende la pili, kwa maana sabuni ikikaukia juu ya rimu huacha madoa. Usisahau upande wa ndani, ambao hakuna jirani auonaye. Suuza, kausha kwa kitambaa, na kama una nta ya gari paka kidogo juu ya rimu peke yake. Vumbi la wiki ijayo litatoka kwa maji tu. Nta, grisi wala mafuta ya aina yoyote yasiguse diski. Mwishowe endesha polepole hatua chache ukikanyaga breki kwa upole ili zikauke. Ukiona diski ina utando mwembamba wa rangi ya machungwa baada ya kulala na maji, usihangaike, utaondoka katika mikanyago ya kwanza.

Akina mama wenye nyumba watatusamehe tukisema kwamba majivu na mchanga, ambavyo vimeng'arisha masufuria yetu tangu zamani, havifai kwa rimu za aluminiamu zilizopakwa vanishi. Sufuria haina vanishi ya kupoteza. Vilevile yakatazwe maji ya betri. Kuna vijana waoshao magari ambao huyapaka ili rimu ing'ae mara moja. Ni kweli itang'aa, halafu itageuka nyeupe na kuchimbika, na matone yakirukia jicho la mtoto ni msiba wa nyumba nzima. Mafuta ya taa na dizeli huondoa lami upesi, lakini hulainisha na kuharibu mpira wa tairi. Madukani siku hizi zipo dawa ambazo hugeuka rangi ya zambarau zikikutana na chembe za chuma. Hizo hufanya kazi, japo harufu yake ni ya yai bovu na bei yake si ya mshahara wa koplo. Sabuni na uvumilivu hufika mahali palepale kwa wale waoshao kila wiki.

Sasa tuje kwenye lile vumbi la ndani ya ngoma, kwa kuwa linahusu roho za watu. Kwa miaka mingi, karne iliyopita, viatu na pedi za breki vilitengenezwa kwa asbesto, jiwe lenye nyuzi lisiloshika moto. Nyuzi zake ni ndogo kiasi kwamba hazionekani kwa jicho, na mtu akizivuta huingia mapafuni zikakaa humo. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa huo huweza kuchukua miongo ya miaka kabla haujajitokeza. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 1999 kuipiga marufuku, na marufuku hiyo ikatimia kwa nchi zake zote mwaka 2005. Lakini malori ya zamani yangali yakitembea, na vipuri vya bei rahisi havina cheti usoni. Hakuna fundi, hata awe hodari vipi, awezaye kutambua kwa kutazama kama vumbi lililo ndani ya ngoma lina asbesto au halina. Kwa hiyo lihesabiwe kuwa nayo.

Na bado katika karakana nyingi, za jeshi na za raia, desturi ni kuvua ngoma, kuigonga chini, kisha kulipuliza vumbi kwa upepo wa kompresa hadi karakana yote ipate kiza. Desturi hiyo na iachwe. Vumbi lilowanishwe kwa maji yenye sabuni yamwagwayo taratibu, lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa kitiwe katika mfuko na kufungwa. Ovaroli ya fundi ni sehemu ya hatari hii. Mume akirudi nayo nyumbani, akambeba mtoto, kisha mke akaikung'uta uani kabla ya kuifua, kile alichokiepuka karakanani amekileta mlangoni. Katika nchi za viwanda wapo wake waliougua kwa kufua nguo za waume zao waliofanya kazi ya asbesto, ambao wao wenyewe hawakukanyaga kiwandani hata siku moja. Ovaroli ibaki kazini. Ikilazimu kuja nyumbani, iloweshwe ndani ya beseni lake peke yake kabla ya kuguswa, wala isikung'utwe kamwe.

Baada ya Kabale barabara hupanda tena, na mara Ziwa Bunyonyi huonekana chini kwa upande, likiwa limejipenyeza kati ya vilima na visiwa vyake. Ziwa liko katika kimo cha karibu mita 1,960. Watu wengi hutamani kusimamisha gari ukingoni na kuliosha kwa maji yale mazuri. Wasifanye hivyo. Maji ya Bunyonyi hutoka kwa kinamasi na mto wa Ruhezamyenda kwenda Ziwa Mutanda, na kutoka huko huendelea hadi Ziwa Edward. Weusi wa gurudumu moja ni mdogo, lakini magari ni mengi, na vumbi la breki lenye shaba hudhuru samaki na viumbe vidogo wanavyovila. Huko Marekani majimbo ya California na Washington yalipitisha sheria mwaka 2010 za kupunguza shaba katika pedi za breki kwa ajili hiyo hiyo, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni zinazowekea mipaka vumbi la breki la magari mapya, jambo ambalo awali lilifanywa kwa moshi wa injini tu. Sisi twaweza kuanza na lililo rahisi: kuosha magurudumu penye nyasi au changarawe, mbali na ukingo, maji machafu yanywewe na ardhi.

Muko, mbele ya hapo, ardhi yake ina mawe mazito ya rangi nyekundu iliyoiva. Hayo ni madini ya chuma, tena ya kiwango cha juu. Wahunzi wa Kigezi waliyeyusha chuma na kufua majembe na mikuki kabla ya barabara kufika. Ni ajabu kidogo kupita pale kwa gari lenye rimu zilizojaa unga wa chuma kilichochimbwa ng'ambo ya bahari.

Barabara ya Kabale hadi Kisoro, karibu kilomita 80, ilitiwa lami katika miaka ya baada ya 2007. Wazee wa polisi walioipita wakati wa changarawe husimulia malori yaliyolala siku mbili kwenye tope la msitu wa Echuya. Siku hizi ni laini, na ulaini huo umeleta hatari ya namna nyingine, maana gari hushika mwendo upesi. Baada ya mianzi ya Echuya barabara hufika Kanaba, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Hapo dunia hufunguka. Muhavura, mlima wa mita 4,127, husimama mbele kama pembe ya ng'ombe, Mgahinga ubavuni pake, na Sabinyo wenye meno yaliyovunjika, ambako mipaka ya nchi tatu hukutana. Chini kabisa ni mashamba yenye mawe meusi ya volkano, na mji wa Kisoro.

Mtelemko wa kufika huko ni wa kona juu ya kona. Lori la tani 10 likishuka mita 400 kwenda chini kwa breki peke yake, joto lote linaloingia katika ngoma na diski latosha kuchemsha madumu matano ya maji ya lita 20 kila moja. Mama yeyote aliyewahi kuchemshia harusi maji aweza kukadiria kuni zake. Joto hilo lisipopata pa kwenda, pedi hupoteza ukali wake, na kanyagio hukanyagwa gari lisipunguze mwendo. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa jinsi yanavyozeeka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hufanya mapovu, na mapovu hubonyea. Mguu wa dereva huzama hadi sakafuni. Harufu ya kuungua ikiingia dirishani, muda wa kusimama umekwisha kupita kidogo, lakini bado upo.

Dawa yake hupatikana juu, kabla ya kuanza kushuka. Gia namba mbili iingizwe pale kileleni, injini ilizuie gari, na breki zikanyagwe kwa nguvu na kuachiwa, zikanyagwe na kuachiwa, zipate kupumua. Mwenye kuweka mguu juu ya breki kuanzia Kanaba hadi bondeni hufika na magurudumu meusi yanayotoa moshi, na wakati mwingine hafiki.

Mjini Kisoro vijana wenye madumu hulikimbilia kila lori lishukalo, tayari kuyamwagia magurudumu maji ya kisima. Wakataliwe kwa upole na wapewe kazi nyingine. Chuma cha kalibu kilicho moto kikimwagiwa maji baridi huweza kupinda au kupasuka ufa ambao hauonekani, na diski iliyopinda hutetemesha usukani safari nzima ya kurudi. Kadhalika mwenye gari asivute breki ya mkono mara moja iwapo ngoma zina moto. Gari liwekwe mahali pa tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe, ambayo Kisoro haina upungufu nayo, kisha watu waende kunywa chai na kula viazi. Baada ya saa nzima hivi, rimu zikishikika kwa mkono bila shida, ndipo weusi wa Kanaba usomwe, kulia na kushoto, na baada ya kusomwa uoshwe.

Ikiwa gurudumu lolote limevuliwa hapo kwa ajili ya kukagua, nati zake zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kutoka Kisoro ukirudi, umbali huo utakufikisha karibu na Kabale, penye vituo vya mafuta na taa za kutosha.